Baiskeli moja, watoto wawili na kiroba cha unga: inawezekana?

"Habari fundi. Naishi Tanga, huku Duga. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka saba yuko la pili, mdogo wake ana miaka mitatu na nusu kaanza chekechea shule hiyohiyo. Shule ni kama kilomita nne. Boda ananichukulia 1,500 asubuhi na 1,500 mchana kwa wote wawili, ila anawapakia pamoja na mtoto wa jirani, watatu kwenye pikipiki moja na hamna kofia. Mume wangu ana baiskeli yake ya kiume, Phoenix ya siku nyingi, haitumiki sana. Nimeona kwenye simu wamama wa Ulaya wanabeba watoto kwenye baiskeli zenye sanduku mbele nikatamani. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema anaweza kukata baiskeli mbili akaziunganisha ikawa moja ndefu, mwingine ananiambia nunua guta. Mama mkwe anasema baiskeli inaharibu kizazi na nitawaua wajukuu zake. Nataka niende nayo na sokoni, kiroba cha unga kilo 25. Naomba ushauri wa kweli, nianzie wapi?"

Dada yangu, asante kwa swali lenye vipimo. Umenipa umbali, umri wa watoto na hadi uzito wa unga, wengi huniuliza tu baiskeli gani nzuri alafu wananiacha nibahatishe. Nikikusoma naona maswali matatu yamebebana humo: je baiskeli inaweza kweli kubeba familia kila siku, iwe ya namna gani, na watoto watakuwa salama? La kwanza halinipi wasiwasi, mji wako ni tambarare na baiskeli Tanga sio kitu kigeni, watu wanaendea kazini, sokoni na msikitini. Hayo mawili mengine ndo nataka tukae nayo, maana kila aliyekushauri anaongelea umbo la baiskeli, ndefu, ya sanduku, ya matairi matatu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza utaisimamisha na nini. Mimi naanzia hapo. Kinachoamua kama wanao watafika salama ni breki, gurudumu la nyuma, na miguu yao inakaa wapi. Umbo linakuja baadae.

Kwanza tumalizane na la mama mkwe, kwa heshima zote. Baiskeli haiharibu kizazi. Uholanzi na Denmark wanawake wanaendesha kila siku toka usichana mpaka uzee na wanazaa kama kawaida. Kinachoweza kukusumbua ni kiti kibovu, chembamba au kilichoinuka mbele, hicho kitakuumiza na kukuchubua, na dawa yake ni kukishusha pua kidogo au kununua kipana. Ukishika mimba hapo ni jambo lingine, sio kwamba kukanyaga pedeli kuna madhara, ni kwamba tumbo linabadilisha uwiano wa mwili na kuanguka ndo hatari yenyewe, kwa hiyo utaongea na wahudumu wa kliniki na kusema ukweli mimi nisingekushauri ubebe watoto nyuma ukiwa na mimba kubwa. Ila hofu yake kwa wajukuu ni ya haki kabisa, na haya yote ninayoandika chini ni kumjibu yeye.

Kingine, usidhani kubeba watu kwa baiskeli ni mambo ya Ulaya. Hizo bodaboda unazowalipa leo zilianza kama baiskeli, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda miaka ya 1960, keria imewekwa kiti cha sponji abiria anakaa. Wajapani nao wana baiskeli maalum za kina mama, na tangu 2009 sheria yao inaruhusu mama kubeba watoto wawili wadogo kwenye baiskeli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kumbuka hizo baiskeli za Japani, nitazirudia, maana zinakuja huku kwenye mtumba.

Sasa uzito. Tuseme wewe una kilo 65, baiskeli na keria na kiti cha mtoto kilo 25, watoto wote wawili 36, mabegi 4. Hiyo ni kilo 130. Ukiwa peke yako na Phoenix tupu ilikuwa kama 85. Kwenye tambarare miguu haitaona tofauti kubwa ukishaondoka, utaiona wakati wa kuanza na kwenye upepo wa baharini mchana. Anayeteseka ni breki, kila kilo unayoongeza lazima breki iisimamishe, na mwendo ndo mbaya zaidi kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili kazi ya breki inakuwa mara nne, sio mbili. Sasa igeuze hiyo hesabu ikusaidie wewe: ukiacha kwenda kilomita 20 kwa saa ukaenda 14, kazi ya breki inapungua karibu nusu, na kwa njia yako ya kilomita nne unachelewa kama dakika tano tu. Dakika tano kwa nusu ya hatari, mimi nazitoa kila siku bila kufikiria.

Phoenix ya mumeo, kama ni ile ya zamani, ina breki za vyuma vinavyovuta raba ikabane rimu kwa chini, na rimu yenyewe ni ya chuma. Kiangazi inafanya kazi. Masika, rimu ikilowa, utavuta breki na baiskeli itaendelea kwenda kama hujavuta, kwa sababu raba juu ya chuma chenye maji haishiki, lazima kwanza ikaushe maji mizunguko kadhaa ndo ianze kubana. Peke yako unavumilia. Ukiwa na watoto wawili na bajaji imesimama ghafla mbele yako, hapana. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza kabisa iende kwenye breki. Njia iliyo rahisi ni kubadilisha gurudumu la mbele uweke rimu ya alumini na breki za mikono miwili zinazobana pembeni, alumini ikilowa bado inashika vizuri kuliko chuma. Nyuma uweke habu, yaani kile kitovu cha gurudumu spoku zinapoanzia, yenye breki ndani, iwe ile ya kurudisha pedeli nyuma au ile ya kuvuta kwa waya, hizo maji hayazigusi sana. Na lazima ziwe mbili zinazojitegemea. Ya kurudisha pedeli nyuma inategemea cheni, cheni ikichomoka huna breki ya nyuma, ukibaki na ya mbele nzuri unasimama.

Gurudumu la nyuma ndo punda wa safari hii, karibu theluthi mbili za uzito wote zinamkalia yeye. Spoku hazikatiki kwa sababu ya uzito peke yake, zinakatika kwa kulegea. Iliyolegea kila tairi linapozunguka inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa, mwisho chuma kinachoka kinakatikia pale kwenye kona ya habu. Ikikatika moja jirani zake wanabeba mzigo wake na baada ya wiki unasikia zimekatika tatu. Kwa hiyo mwambie fundi asuke gurudumu la nyuma upya kwa spoku nene, na kama rimu na habu ni vya matundu 40 vizuri zaidi, zile baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa hivyo, 32 mbele na 40 nyuma, waliojenga walijua mzigo uko wapi. Alafu urudi kwake baada ya wiki mbili tatu za kubeba abane tena, maana spoku mpya zinajikalisha na zinalegea kidogo, hapo ndo wengi wanapoharibu, wanasuka vizuri alafu hawarudi. Tairi lijazwe upepo mpaka kipimo kilichoandikwa ubavuni. Ukiona pancha yenye matundu mawili yamekaa sambamba, sio msumari huo, ni upepo mdogo, tyubu imebanwa na rimu ulipopiga shimo.

Miguu ya watoto naomba uisome mara mbili. Watoto wanaoumia kwenye baiskeli bila hata baiskeli kuanguka ni wale mguu unaoingia kwenye spoku. Mtoto kakaa kwenye keria, miguu inaning'inia, kasinzia au kageuka kuangalia kitu, kisigino kinavutwa ndani, spoku zinakata na fremu inabana kifundo. Inatokea kwa sekunde moja na baiskeli ikiwa inaenda polepole. Weka neti ngumu au bati jembamba lililokunjwa kingo pande zote mbili za gurudumu la nyuma, toka kwenye madigadi mpaka usawa wa ekseli, na weka sehemu za kukanyagia zenye ukingo ili mguu usiteleze. Viatu vifunike vidole na kisigino, ndala hapana hata kama ni karibu. Na ikitokea siku mguu ukaingia, mpeleke hospitali hata kama huoni damu nyingi, mfupa wa mtoto unaweza kupata ufa ngozi ikaonekana imechubuka tu, na ngozi ya kisigino iliyosagwa huwa inaharibika siku za mbele. Hospitali ya Bombo hapo kwenu watampiga picha ya eksirei. Usimkande na maji moto nyumbani ukasubiri.

Hiyo hiyo neti inakulinda na wewe. Baibui, dira, kanga, mtandio mrefu, vyote vinapenda spoku na cheni. Cheni iwe na kifuniko kizima, sio kile cha juu tu, na upande wa chini wa vazi uukusanye ukaubane kabla hujapanda. Mtoto wa kubebwa mgongoni kwa kanga wewe ukiendesha, hapana kabisa, ukianguka unamlalia. Najua wako mdogo kashapita umri huo ila wanaosoma hapa wapo wenye wachanga.

Sasa baiskeli yenyewe. Phoenix ya kiume kwa kazi yako ina tatizo moja kubwa ambalo sio nguvu. Ukishamkalisha mtoto nyuma huwezi kurusha mguu kupita juu yake, na mbele kuna bomba, sasa unapandaje ukiwa umevaa dira? Na ukitaka kushuka haraka? Wamama wengi wanaodondoka na watoto wanadondoka wakiwa wamesimama au wanapanda, wala sio kwenye mwendo. Kwa hiyo wewe unahitaji ya kike, ile ya bomba lililoshuka chini upite mguu katikati. Ya mumeo mwachie, itengenezwe breki na gurudumu kama nilivyosema, nae awe anampakia mkubwa siku anazoweza, mkigawana mtoto mmoja mmoja hesabu zote zinakuwa rahisi mno.

Yako tafuta kwenye mtumba, zile za kina mama za Japani. Zinatambulika: bomba la chini, kikapu mbele, kifuniko cha cheni, breki ya nyuma iko kwenye habu, na stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Ziko za kawaida ambazo ni nyepesi, hizo ni za mtoto mmoja na kikapu, usizidanganye. Za watoto wawili ni nzito, tairi nene, nyingine magurudumu madogo ya inchi 20 ili watoto wakae chini, stendi pana sana. Baadhi ni za umeme ambazo betri imeshakufa. Betri iliyokufa isikukatishe tamaa, kama fremu ni nzima na ina gia unapata baiskeli iliyojengwa kwa kazi hiyohiyo, utakanyaga tu. Kagua fremu juani, pitisha kidole kila sehemu bomba linapokutana na bomba. Rangi iliyopasuka kama mstari mwembamba na kutu inachungulia ndani ni ufa, acha hata kama anakupunguzia bei nusu.

Huyo fundi anayetaka kukata baiskeli mbili, sitaki umdharau, wazo lake sio la kijinga. Baiskeli ndefu zipo duniani na zinafanya kazi vizuri kwa sababu watoto wanakaa kati ya magurudumu badala ya kuning'inia nyuma ya ekseli, na mzigo ulio nyuma ya ekseli unainua gurudumu la mbele, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba. Ila mabomba ya baiskeli ni membamba sana. Kiwandani, kwa baiskeli za aina hii ya zamani, mengi yanaunganishwa kwa shaba na vikombe vya chuma kwenye kona, kwa moto mdogo. Mashine ya kuchomelea madirisha na mageti inayachoma mpaka yanatoboka, au kinabaki chuma kigumu kilichokakamaa pembeni ya kidonda cha kuchomelea, na pale ndo ufa unaanzia, miezi mitatu, sita, hujui. Ukienda kasi na watoto wawili fremu ikikatika katikati hakuna ujanja wa dereva hapo. Na hata viwanda vikubwa vinakosea: Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi iliiamuru kampuni ya Babboe iache kuuza baiskeli zake za kubebea watoto na kurudisha zilizouzwa, kwa sababu fremu zilikuwa zinakatika. Hao walikuwa na wahandisi na maabara. Kama unataka urefu, bora njia ya kufunga kwa bolti, fremu ya ziada inayokaa nyuma pale ekseli inapoingia bila kukata kitu, njia hiyo ipo toka mwishoni mwa miaka ya 1990. Ila itahitaji fundi anayejua anachofanya, na kwako sioni haja bado.

Za sanduku mbele ni nzuri, sikatai, mtoto yuko chini na unamuona. Wadenishi wanazo karibu miaka mia sasa, na ile ya matairi matatu ya Christiania inatengenezwa tangu 1984. Lakini Copenhagen kuna njia za baiskeli zilizoinuliwa na kutenganishwa na magari. Wewe sanduku lako la karibu mita moja litakaa katikati ya daladala na bodaboda, na usukani wake kwa zile za matairi mawili unapita kwa fimbo na viungo mpaka gurudumu la mbele, kiungo kimoja kikichomoka baiskeli inaenda inakotaka. Kutengenezea mtaani siwezi kukushauri.

Guta nitalimaliza haraka. Kwa biashara ya maji, mkaa, soda, ni chombo cha heshima. Kwa watoto, mengi niliyoyaona breki zake hazitoshi hata kwa mzigo wake wenyewe, na kitu ambacho watu hawajui ni kwamba matairi matatu hayamaanishi halipinduki. Baiskeli ya matairi mawili inalala kwenye kona, guta haliwezi kulala, kwa hiyo ukikata kona kwa kasi uzito wote unaenda upande wa nje na tairi la ndani linanyanyuka. Likiwa na mzigo juu ndo kabisa.

Tuje kwenye kuwakalisha. Huyo mwanao mdogo nadhani yuko kama kilo 14. Viti vya mbele, vile vya kukaa kati yako na usukani, vingi mwisho wake ni kilo 15, kwa hiyo atakitumia muda mfupi, na goti lake likianza kugusa usukani unapokata kona muda umeisha. Mimi ningemweka yeye nyuma kwenye kiti chenye mgongo mrefu na mikanda ya mabegani, kimefungwa ili uzito wake uwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ila hapo mkubwa hana nafasi. Kwa hiyo kama ni baiskeli moja asubuhi moja, kwa sasa ni mdogo mbele, mkubwa nyuma kwenye keria yenye mto, bomba la kushika nyuma ya kiti chako, na pa kukanyagia. Na wakati huohuo huyo mkubwa aanze kufundishwa baiskeli yake mwenyewe jioni na Jumapili, kuendesha mitaani hapo nyumbani, maana miaka saba ni umri mzuri wa kujifunza. Barabara ya shule bado, ila miaka miwili mitatu mbele atakuwa anakanyaga pembeni yako na mdogo kahamia nyuma. Hivyo ndo familia nyingi zinavyofanya, baiskeli inabadilika watoto wanavyokua.

Kupakia kuna utaratibu na usiuvunje hata siku unayochelewa. Stendi ya miguu miwili iko chini, mabegi kwanza, mkubwa, mdogo mwisho na mikanda inafungwa hapohapo, kushusha unaanza na mdogo. Mkono wako mmoja hautoki kwenye usukani. Na usimwache mtoto amekaa kwenye baiskeli iliyosimama kwa stendi eti unarudi ndani kuchukua funguo, ndo zinapoangukia hizo, kwenye sakafu ngumu.

Kabla hujampakia mtoto yeyote, funga ndoo au kiroba cha mchanga kilo 20 nyuma, kifungwe kweli kwa mipira, uende kwenye uwanja wa shule siku ya mapumziko. Anza, simama, anza, simama, kata kona kulia na kushoto, vuta breki ghafla ujue inasimama umbali gani. Utashangaa mwanzoni usukani unavyocheza kwenye mwendo mdogo, ni kawaida, uzito ulio juu unayumbisha, ukishaondoka unatulia. Mikono ikishazoea, yaani huwazi tena, ongeza kilo 10, zoea tena. Ndo uweke mtoto mmoja. Alafu wawili. Hamna haraka.

Kiroba cha unga kina safari yake. Usichanganye na watoto. Kilo 25 keria inabeba bila shida kama umefunga katikati na mipira miwili ya kukatiza, nenda sokoni Mgandini ukishawaacha shule. Ukiwa na mizigo mikubwa ya mara kwa mara fikiria tela la matairi mawili, linavutwa toka kwenye ekseli ya nyuma, linatengenezwa kwa magurudumu ya baiskeli kuukuu na uzito wake karibu wote unakaa kwenye matairi yake lenyewe. Kwa mizigo nalipenda sana. Kwa watoto kwenye barabara yenye magari makubwa sio, liko chini dereva wa lori halioni.

Kuhusu kuchoka: fundi akuwekee friwili, ile gia ya nyuma inayozungushwa na cheni, ya meno 22 badala ya 18, bei yake ni ndogo, na kila ukikanyaga nguvu inapungua karibu moja ya tano. Mwendo unapungua pia lakini tumeshakubaliana hatukimbii. Mota ya umeme watu watakuambia, kwa Tanga na kilomita nne huihitaji, na ukiweka mota kwenye baiskeli yenye breki za zamani umeongeza mwendo bila kuongeza kusimama. Angekuwa mtu wa Lushoto kwenye milima ile ningeongea tofauti.

Kama unataka kuona nisemacho kwa macho, angalia ile baiskeli inaitwa Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanza 2005 kwa kuwasaidia waliopigwa na tsunami Sri Lanka. Kenya zinaunganishwa Kisumu. Umbo lake ni la baiskeli ya kawaida kabisa, hawakuweka sanduku wala kurefusha, walichofanya ni keria iliyopangiwa kilo 100, gurudumu lenye nguvu, na breki ya nyuma ndani ya habu. Walianzia mulemule ninapokuambia uanzie.

Njia yako ipange usipite barabara kuu ya malori hata kama ni fupi. Ukishaingia Ngamiani zile barabara za namba zimepangwa mraba, unaweza kukata ndani kwa ndani, magari yanaenda polepole, ukivuka kubwa unavuka mara moja tena kwa kushuka na kusukuma. Usijibanze sana pembeni kwenye mchanga, ukiwa na uzito nyuma tairi la mbele likiingia mchanga linageuka lenyewe. Kaa kama hatua moja ndani ya lami ili wenye magari wakuone na wakupite kwa kuamua. Kofia kwa watoto, na kwako pia, mtumba zipo, isiwe na ufa na mkanda ufunge. Siku ya mvua kubwa ya masika mpe boda hela yake au muende kwa daladala, hakuna sheria inayosema lazima baiskeli kila siku.

Hesabu ya pesa. Elfu tatu kwa siku, ukichukua siku 190 hivi za shule, ni 570,000 kwa mwaka, kwa watoto kupandishwa watatu bila kofia. Baiskeli ya mtumba nzuri, breki, kusuka gurudumu, kiti, neti na kofia ulizia bei hapo kwenu ujumlishe mwenyewe, alafu weka pembeni kila mwezi hela kidogo ya raba za breki, tairi na fundi, kwa sababu baiskeli ya kubebea watoto isiyo na hela ya matengenezo mimi siihesabu kama akiba. Na hela ya baiskeli ikikosekana kwa sasa, basi hata kabla ya baiskeli ongea na huyo boda leo, wawili tu na wavae kofia, ukimwongeza kidogo atakubali.

Kuna mambo siwezi kuyaona nikiwa huku. Ukishapata baiskeli, kabla ya kulipa, nenda nayo kwa fundi wa baiskeli, sio wa kuchomelea, awe yule anayesuka magurudumu mwenyewe, aizungushe mbele yako, akague fremu, usukani, gololi za habu, na akupe jibu la uzito mbele ya mumeo. Akikuambia gurudumu halifai mwamini. Baada ya hapo mrudie kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na siku hiyohiyo ukisikia mlio mpya wa kukatika, usukani ukianza kuvuta upande mmoja, au mkono wa breki ukigusa usukani kabla baiskeli haijasimama. Hizo tatu hazisubiri Jumamosi, unashusha watoto palepale na unasukuma.